Mafahali Wawili Katika Zizi Dogo

Wazee wetu walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Msemo huu ni wa kweli kwa mafahali, na aghalabu ni wa kweli kwa wafalme. Walakini liko jambo moja katika kazi yangu ambalo limenifanya niutazame tena. Kompyuta yangu mpakato ina diski ndogo, na ndani ya diski hiyo mna mifumo endeshi miwili, Windows na Linux. Kila mmoja ulitungwa uwe mwenye nyumba, wala si mpangaji. Hata hivyo yakaa pamoja, na mimi nala matunda ya suluhu yao. Nakusudia kueleza jinsi suluhu hiyo ilivyopatikana, gharama yake ilikuwa nini, na imenifunza nini juu ya ujirani.

Mfumo endeshi ni msimamizi wa kompyuta. Programu ya kuandikia haijui diski iko wapi wala karatasi hupigwaje chapa. Huomba, na msimamizi hutenda. Windows ilitolewa na kampuni ya Microsoft kwa mara ya kwanza mwaka 1985, nayo huuzwa. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nayo hutolewa bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani, ili kila mwenye ujuzi ayasome na kuyatengeneza. Wasimamizi hawa hawawezi kushika usukani kwa wakati mmoja katika mpango huu ninaousimulia. Mmoja akiamka, mwingine amelala. Na mwenye kompyuta huchagua wa kumwamsha kila awashapo mashine.

Yamkini msomaji atauliza, kwa nini nisichague mmoja na kumwacha wa pili? Hili ni swali la haki, nami niliulizwa na mwenzangu wa idara moja, mtu mwenye akili iliyonyooka. Jibu langu ni hili. Kwa miaka 17 nimekuwa nikikusanya maneno ya lahaja za pwani. Maneno hayo yamo katika programu ya kutungia kamusi ambayo hufanya kazi katika Windows tu, na waliyoitengeneza wameacha kuitunza. Pamoja na maneno hayo ninazo saa 30 za sauti za wazee wa Tanga na Pemba, waume kwa wake, wakieleza majina ya samaki, ya pepo za bahari, na ya sehemu za ngalawa. Wengi wa wasemaji hao wametangulia mbele ya haki. Kwa ajili ya kamusi, siwezi kuiacha Windows.

Lakini Windows niliyo nayo ni ile ya 10, iliyotoka mwaka 2015, na Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo usiopata marekebisho ya usalama ni nyumba ambayo komeo lake limelegea: waweza kulala ndani, lakini si busara kuiacha wazi njiani. Windows 11 yataka diski isiyopungua gigabaiti 64, kijisehemu maalumu cha usalama, na kichakato kilichomo katika orodha iliyowekwa na kampuni. Kichakato cha mashine yangu hakimo. Mwenzangu alinishauri ninunue mashine mpya. Nilimshukuru, kisha nikakumbuka kwamba mashine yangu haina ugonjwa wowote, na kwamba mshahara wa mwalimu una wadai wengi kabla ya duka la kompyuta. Nikaamua kwamba Windows ibaki, ikae bila mtandao, ilinde kamusi. Na Linux ije, ishike barua, intaneti na kazi za kila siku.

Hapo ndipo uhaba wa nafasi uliposimama mbele yangu. Kasha la diski lilisema gigabaiti 128. Windows ilisema 119. Hapana aliyeiba. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, na Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Ni kama wauza mchele wawili wenye pishi zisizolingana: mchele ni ule ule, bali hesabu ni mbili. Mgawaji asiyejua ni pishi ipi inayotumika hugawa ndoto.

Kwa hesabu ya Windows niligawa hivi. Vizigeu vidogo vya mwanzo na mwisho, vya kuamshia mashine na kuokolea mfumo, vilichukua kama gigabaiti 1. Windows niliipa 55. Linux niliipa 30. Nilichagua Linux Mint, ambayo watungaji wake husema haiwezi kukaa chini ya 20. Gigabaiti 33 zilizosalia niliziweka kizigeu cha shirika, ambamo yatakaa maandishi, kadi za kamusi na sauti za wazee. Sauti zile peke yake, zilizonaswa kwa njia mbili bila kubanwa, huchukua karibu megabaiti 600 kwa kila saa; kwa hiyo saa 30 ni gigabaiti 18. Hesabu hii ilinilazimisha kuhukumu. Picha nilizokuwa nazo mara tatu zikabaki mara moja. Programu ambazo sikuzifungua mwaka mzima zikaondoka. Mtu mwenye ghala kubwa haulizwi anamiliki nini. Mwenye kibweta huulizwa kila siku.

Kabla ya kugusa mpaka wowote nilitoa nakala ya kila kitu katika diski mbili za nje, nikazifungua zote mbili katika kompyuta nyingine, nikasikiliza sauti mpaka nilipotosheka. Nakala isiyojaribiwa ni ahadi tu. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana hodari, alipokuwa akiweka Linux alifika mahali ambapo mashine huuliza kama ifute diski yote au ikae kando ya mfumo uliopo. Aliligusa jibu la kwanza. Sura tatu za tasnifu yake zikaenda, na hakuwa na nakala mahali pengine. Nilimwona akiziandika upya kwa miezi mitano, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefiwa. Maandishi yaweza kuandikwa tena kwa machozi. Sauti ya mzee aliyekufa haitamkwi tena.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Diski nayo ina daftari lake, lililo mwanzoni kabisa, linaloeleza kila kizigeu kinaanza wapi na kuishia wapi; katika mashine za siku hizi daftari hilo lina nakala ya pili mwishoni mwa diski. Kugawa diski ni kuandika upya daftari hilo. Ndiyo maana kazi hii si ngumu lakini ni nzito: mistari michache hubadilika, na mistari hiyo ndiyo hati ya shamba zima.

Niliipunguza Windows kwa kutumia chombo chake yenyewe, kwa sababu mwenye nyumba ndiye ajuaye vyombo vyake vimewekwa wapi. Mara ya kwanza ilikataa kusogea kiasi nilichotaka. Sababu yake ni kwamba yako mafaili ambayo hayahamishiki wakati Windows ikiwa macho, na mojawapo ni faili la usingizi, ambalo katika mashine yangu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 lilikula zaidi ya gigabaiti 3. Nililifuta kwa amri moja, na amri hiyo ikaleta faida ya pili. Windows, isipokatazwa, haizimiki kwa kweli unapoizima. Hulala usingizi wa paka ili kesho iamke upesi, na huacha vizigeu vyake katika hali ya kazi isiyokwisha. Linux ikivikuta hivyo huweza kukataa kuandika ndani yake, nayo hufanya vyema. Mpangaji anayetoka na kuacha sufuria motoni hampi mwenzake nafasi ya kupika. Nilitazama pia kama diski imefungwa kwa siri ya kanuni, kwa maana mwenye diski ya namna hiyo hana budi kunakili ufunguo wake wa kurejesha na kuuweka mbali na mashine kabla ya kubadili lolote.

Linux iliingia baada ya Windows, na mpangilio huu una maana. Kuna kizigeu kimoja kidogo, cha megabaiti 100 hivi, ambacho ni kama daka la nyumba ya pwani: kila aingiaye hupita hapo. Linux huweka hapo bawabu wake, aitwaye GRUB, ambaye humtambua jirani na kumtaja kwa jina. Niwashapo mashine, bawabu huuliza, hungoja sekunde chache, kisha hufungua mlango nilioutaja. Bawabu wa Windows hana desturi ya kumtafuta Linux wala kumtaja.

Jambo hili lilinifikirisha kuliko mengine yote, kwa sababu mimi ni mwalimu wa lugha. Linux husoma na kuandika katika vizigeu vya Windows. Tangu mwaka 2021 ujuzi huo umeongezwa nguvu katika kiini chake. Windows, bila msaada wa programu za watu wengine, haisomi kizigeu cha kawaida cha Linux. Hukiona kama nafasi isiyo na maana, na yaweza hata kushauri kisafishwe. Kwa hiyo kizigeu cha shirika ilinipasa kukitengeneza kwa namna ya Windows. Basi aliye mdogo amejifunza lugha ya mkubwa, na mkubwa hakujifunza ya mdogo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa maana ya jambo hili. Wenye lugha za watu wachache hujua lugha mbili au tatu, kwa kuwa bila hizo sokoni hawauzi. Mwenye lugha kubwa hungoja aambiwe. Si haki, lakini si hasara tupu. Katika mashine yangu, siku mmoja wa wapangaji atakapougua, ni Linux itakayoweza kuingia chumba cha mwenzake na kutoa vyombo.

Hata saa ililetewa mashauri. Ndani ya mashine mna saa ndogo iendayo kwa betri. Windows huisoma kuwa ni saa ya mahali tulipo; Linux kwa kawaida huiweka kwa saa ya dunia, na sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya saa hiyo kwa saa 3. Siku ya kwanza nilitoka katika Linux saa nane mchana, nikaingia Windows nikakuta ni saa tano asubuhi. Mgeni angedhani mashine imeharibika. Mimi nilicheka, kwa sababu Waswahili tumeishi na saa mbili tangu zamani: ya kwetu inayoanza kuhesabu macheo, na ya wageni inayoanza usiku wa manane, na kati yao mna saa 6; na bado harusi hazikosi wageni. Dawa ni kukubaliana. Niliiamuru Linux ifuate saa ya mahali, na ubishi ukaisha.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mpango huu hauna hatari. Mwezi Agosti 2024 sasisho moja la usalama la Windows liliwazuia baadhi ya watu wenye mifumo miwili kuiamsha Linux yao, na Microsoft ilikiri tatizo hilo. Mpangaji mmoja alibadili kitasa cha mlango wa wote. Isitoshe, gigabaiti 30 hujaa. Linux huacha viini vyake vya zamani kila ipatapo kipya, na picha za kujiokoa inazojipiga zaweza kumeza chumba kizima. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi hufagia. Mtu ambaye mfumo mmoja wamtosha na achukue mmoja, wala asione amepungukiwa. Wawili ni kwa mwenye haja mbili za kweli.

Lakini kwa mwenye haja hizo, nimeona kwamba udogo wa mahali si adui wa kwanza wa ujirani. Nimeona watu wakigombana katika majumba makubwa na wakipatana katika chumba kimoja. Adui ni mpaka usiotajwa, mlango usio na bawabu, na mali ya wote isiyo na mahali pake. Mambo hayo matatu yakiwekwa mapema, kabla ya wageni kuingia na vyombo vyao, nafasi ndogo hutosha kwa muda mrefu kuliko mtu alivyodhani.

Juma lililopita nilikuwa nikitafuta jina la pepo ambalo wavuvi wawili walibishana juu yake. Kadi ilikuwa upande wa Windows, na barua ya mwanafunzi aliyeniuliza ilikuwa upande wa Linux. Sauti ya mzee aliyelitamka jina hilo, miaka 14 iliyopita, ilikuwa katika kizigeu cha shirika. Niliifungua kwa mlango mmoja, kisha kwa mlango wa pili, na kwa yote miwili alisema neno lile lile, kwa pumzi ile ile, na kuku akiwika nyuma yake.