Hazina Iliyo Shambani kwa Jirani



Wengi mmeniuliza kuhusu zile picha za vijana wetu wakiwa na matope hadi magotini, na mchungaji ameinua mkebe wa siagi kama aliyeshinda kombe. Nimeona niandike leo, kwa sababu nyuma ya picha hizo kuna neno ambalo Mungu alisema nasi.

Kuna mchezo unaitwa jiokeshingi. Mtu anaficha mkebe mahali, ndani anaweka daftari dogo na vitu vidogo vidogo. Kisha anatoa namba za latitudo na longitudo za mahali pale. Wewe unaingiza namba kwenye simu, unafuata mshale, unatafuta. Ukiupata, unaandika jina lako na kuurudisha palepale. Ukichukua kitu, unaacha kingine chenye thamani sawa au zaidi.

Mchezo huu si wa zamani. Hadi mwaka 2000, jeshi la Marekani lilikuwa likivuruga kwa makusudi mawimbi ya satelaiti za GPS yanayotumiwa na raia, hata kifaa kingeweza kukosa mahali kwa mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000, kwa agizo la Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ukakomeshwa. Tarehe 3 Mei mtu anayeitwa Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti. Mlikuwa na vitabu, manati, hata mkebe wa maharagwe. Mike Teague akawa wa kwanza kuifikia. Tangu hapo mchezo umeenea duniani kote. Kila mkebe hupewa alama mbili, 1 hadi 5: ya kwanza ni ugumu wa kuupata, ya pili ni ugumu wa ardhi yenyewe. Ardhi ya 1, mtu wa kiti cha magurudumu anafika. Ardhi ya 5 inataka kamba na vifaa.

Kanisa rafiki lililo juu, upande wa Nandi Hills, ndilo lililotufichia. Namba zikaja kwa WhatsApp na maneno machache: "Ardhi 4. Karibuni kwetu."

Mnaoishi mbali, niwaelezeni. Sisi Muhoroni tuko chini, kwenye miwa na reli. Nandi Hills iko juu kwenye chai, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kati yetu kuna ule mteremko mkali wa Nandi, ukuta wa mawe makubwa, makorongo na vichaka vya miiba. Ukisimama juu siku ya anga safi, unaona uwanda wa Kano wote hadi ziwani.

Lakini ukuta wenyewe si mawe tu. Oktoba 1991, vita vya ardhi vilianzia Miteitei, kule Tinderet, si mbali na kwetu. Watu wakachomewa nyumba, wakashuka na watoto mgongoni. Katika ibada zetu wapo mama walioshuka wakati ule na hawajawahi kupanda tena. Hata sasa ng'ombe akipotea usiku mpakani, pande zote mbili hazilali. Kwa hiyo niliposoma yale maneno "karibuni kwetu," nilijua vijana wetu wengine watayasikia tofauti.

Tulikuwa kumi na wawili. Tulianza alfajiri kabla jua halijakaza. Saa mbili na nusu simu ikasema zimebaki mita 340. Vijana wakashangilia. Lakini mita hizo zilikuwa za mstari ulionyooka, na katikati ya mstari kulikuwa na korongo ambalo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Tukazunguka kushoto, tukakuta mwamba. Tukazunguka kulia, miiba. Saa moja baadaye simu ilisoma mita 410. Tumetembea saa nzima na tumekuwa mbali zaidi!

Chini ya miamba mshale ukaanza kucheza. Mawimbi ya satelaiti yakigonga mawe hurudi yakiwa yamechelewa, na simu inadanganyika. Kijana aliyeishika akasema, "Pasta, hii simu sasa inatabiri tu." Tukacheka, lakini maji yalikuwa yamepungua na miguu imechoka.

Hapo ndipo tulimwona mzee, amesimama juu ya jiwe na ng'ombe wake wanne, rungu mkononi, anatuangalia kimya. Nikamwamkia, "Chamgei, mzee." Akajibu, "Chamgei mising." Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Nyinyi ni watu wa Muhoroni?"

Wapendwa, katika mpaka wetu swali hilo lina mkia mrefu. Hakuna aliyejibu haraka. Nikamwambia ndiyo, ni watoto wa kanisa, tunatafuta mkebe uliofichwa na kanisa la huku. Akatabasamu. "Kile cha siagi? Nimekiona tangu wiki iliyopita. Sikukigusa. Niliona ni cha mtu."

Satelaiti zinazunguka huko juu kilomita 20,000, na mwenye kujua njia alikuwa amesimama mbele yetu na rungu.

Akatuongoza. Hakufuata mshale hata kidogo. Alituteremsha kwanza, jambo ambalo vijana hawakulipenda, akatuvusha korongo mahali ng'ombe wanapovukia, ndipo tukapanda. Njiani akamuuliza kijana mmoja wa kwaya kwao ni wapi. Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Nyanya yangu aliishi huku juu. Waliondoka mwaka ule wa vita."

Mzee akatembea hatua nyingi bila kusema. Mimi moyoni nilikuwa naomba. Kisha akasema, "Mwaka ule tulipoteza majirani wazuri." Hakuongeza neno. Kijana naye hakuongeza.

Mkebe ulikuwa kwenye ufa wa mwamba, umefunikwa kwa mawe matatu. Ndani kulikuwa na daftari, kalamu, bangili ya shanga na pakiti ya majani ya chai. Kurasa za mbele vijana wa kule walikuwa wameandika majina yao na maombi yao kwa ajili yetu. Tukaandika ya kwetu. Tukachukua majani ya chai, tukaacha kipande cha sukari nguru. Zamu ya yule kijana ilipofika, alishika kalamu muda mrefu. Hakuandika jina lake. Aliandika jina la nyanya yake, akafunga daftari.

Sikumwambia kitu. Kuna mahubiri ambayo mchungaji akifungua mdomo anayaharibu.

Sasa nina mambo mawili ya kuwaachia.

La kwanza, kujua mahali si kufika. Wengi wetu tuna namba za baraka zetu. Tunajua kusamehe ni wapi, tunajua amani ni wapi, tunaweza kutaja kitabu, sura na mstari. Lakini njia ya kufika huko haijanyooka. Soma Kutoka 13:17. Mungu alipowatoa Israeli Misri hakuwapitisha njia ya karibu, ingawa ilikuwepo. Aliwazungusha, kwa sababu aliwajua mioyo. Kwa hiyo ukiona leo uko mbali zaidi ya jana, usiseme Mungu amekuacha. Huenda unateremshwa ili uvuke korongo.

La pili ni zito kuliko hilo. Soma Mathayo 13:44, ule mfano wa hazina iliyositirika. Tumeuhubiri sana kuhusu hazina na kuhusu furaha ya yule mtu. Lakini angalia: hazina ilikuwa katika shamba ambalo halikuwa lake. Na yule mtu hakununua hazina peke yake. Alinunua shamba zima, pamoja na mawe yake, miiba yake na majirani wake wa mpakani. Wapo wanaotaka hazina ya Mungu bila shamba. Wanataka upako, lakini hawataki yule ndugu wa kabila lingine. Wanaimba kwamba Kristo amebomoa kiambaza kilichotutenga, kama Paulo anavyofundisha Waefeso 2:14, halafu Jumatatu wanaokota matofali na kukijenga upya.

Sisemi yaliyotokea mwaka 1991 yasahauliwe. Nyanya wa yule kijana hakusahaulika. Jina lake sasa liko juu ya mteremko ule, kwenye daftari la kanisa la upande wa pili, na vijana wa huko wamelisoma na kuuliza ni nani. Hilo ni swali zuri. Mara nyingi uponyaji huanza mtu akiuliza jina la yule aliyeondoka.

Mwezi ujao ni zamu yetu kuficha na wao kushuka. Wenye mashamba ya miwa, nitapita kwenu kuomba ruhusa kwanza. Mama wa kanisa, tutahitaji sufuria kubwa. Na yule mzee tumemwalika. Alisema ng'ombe wakipata mchungaji wa siku moja, atakuja. Nimejitolea kumtafutia.

Leo usiniandikie "Amina" peke yake. Mpigie simu mtu mmoja wa upande ule mwingine, jirani, mfanyakazi mwenzako, yule mliyesoma naye. Msalimie tu. Ukimaliza, ndipo uandike Amina.

Bwana awape miguu ya kupanda na moyo wa kuongozwa. Mbarikiwe sana.

Mchungaji wenu, Muhoroni