Kuaga Kabla ya Kuvuka Songwe

Safari ya ng'ambo si lazima iwe ya ndege. Kwetu Isongole, karibu na Mlima Rungwe, barabara itokayo Mbeya hupita ikashuka Tukuyu, ikaingia Kyela, ikakoma Kasumulu kwenye Mto Songwe. Ng'ambo ya mto ni Malawi. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi hizi, mto huo ulifanywa mpaka. Wanyakyusa wakawa huku na Wangonde kule, ingawa lugha zao zakaribiana mno na wengi wana ndugu pande zote mbili. Hivyo twendapo Karonga kwa arusi au tanzia, twaingia nchi ya kigeni kuwaona watu wetu wenyewe.

Tulipoketi kupanga safari ya jamaa nzima, jambo lililotushughulisha halikuwa nauli wala hati za kusafiria. Lilikuwa hali ya mama yetu mzee, ambaye mwendo mrefu haumfai tena. Wajukuu walisema, "Bibi, tutakupigia simu kila siku." Naye akauliza, "Nikizidiwa usiku, wanangu, simu itanishika mkono?"

Simu hatuidharau. Zamani habari ya msiba ilibebwa kwa miguu, na aliyekuwa mbali aliweza kukuta kaburi limekwisha kufukiwa. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliona jinsi mazishi yawakusanyavyo jamaa na majirani. Kwa watu wa namna hiyo, habari ifikayo upesi ni neema kubwa.

Lakini simu yataka maandalizi. Laini ya kwetu ikivuka mpaka, gharama yake huwa nyingine. Namba ya nchi yetu ni 255, na ya Malawi ni 265. Tarakimu moja tu yazitenganisha, na mzee asiyeona vizuri aweza kuikosea. Tena saa hazilingani: ikiwa saa mbili usiku Isongole, Karonga ni saa moja. Asiyelijua hilo humngoja mwenziwe akadhani amesahauliwa.

Na hata hayo yote yakitengenezwa, bado fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo tulikata shauri mjukuu mmoja abaki. Tuliwaendea majirani nyumba kwa nyumba, tukawaaga na kumkabidhi mama mikononi mwao. Namba tuliziandika kwa herufi kubwa, tukazibandika ukutani, na saa ya kuzungumza akaichagua mama mwenyewe. Ndipo akaturuhusu.

Vijana wetu siku hizi hupenda kuaga wakiwa njiani, kwa ujumbe mfupi. Twaomba wasiiache ada ya kuaga mlangoni. Aagaye mlangoni huacha nyuma watu waliokubali kubeba sehemu ya mzigo wake, na hao ndio watakaoitika usiku, hata kama simu haikushika.