Almasi na Bilauri

Mzee mmoja wa Bariadi, mkulima wa pamba, aliokota jiwe shambani mwake baada ya mvua kubwa. Lilimeta kama tone la maji lililokataa kukauka. Akalifunga katika kitambaa, akalificha ghalani chini ya mtama, wala hakumwambia mtu ila mkewe.

Hakuwa mjinga kwa kutumaini. Hadi ulipoundwa mkoa wa Simiyu mwaka 2012, Bariadi ilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga. Na Shinyanga ndiyo yenye Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Huko ilipatikana, mwaka 1947, almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, akatunukiwa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya harusi yake. Jiwe la mzee lilikuwa na gramu 53, yaani karati 265.

Siri ya nyumba haidumu. Mpwa wake akaja na nyundo. "Mjomba, almasi haivunjiki. Tuligonge tujue."

Mzee akakataa, na katika kukataa kwake mlikuwa na hekima kuliko alivyojua mwenyewe. Kweli, almasi ndiyo ngumu kupita mawe yote ya asili: katika kipimo cha Mohs ina 10, na bilauri, ambayo wataalamu huiita kwatsi, ina 7. Lakini ugumu huo ni wa kutokwaruzika, si wa kutovunjika. Almasi ina njia zake za ndani za kupasukia. Pigo likiielekea njia mojawapo, hupasuka. Nyundo ingemhukumu mkweli na mwongo hukumu moja. Kukwaruza kioo nako si ushahidi, kwani mawe yote mawili hukikwaruza.

Basi akalipeleka kwa mjuzi wa mawe mjini Shinyanga. Huyo hakugonga kitu. Alilipima hewani, kisha akalining'iniza kwa uzi majini, likaonyesha gramu 33. Limepungua gramu 20. Gawa 53 kwa 20, upate 2.65, nao ndio uzito wa bilauri ukilinganishwa na maji. Almasi ni 3.52, ingepungua gramu 15 tu.

"Mzee wangu, hii ni bilauri."

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Mbona linang'aa?"

Mjuzi akamwonyesha almasi ghafi, ndogo kama punje ya mtama, yenye nyuso nane, imefifia kama kipande cha sabuni. Kiganjani jiwe la mzee liliishinda kwa uzuri. Uwezo wa almasi umo ndani, na huonekana ikishachongwa: hupinda nuru kwa kadiri ya 2.42, ilhali bilauri ni 1.55 hivi. Mwale ukishaingia hauoni mlango wa kutokea upesi. Hugonga ukuta huu na ule, ukarudi kwa mtazamaji umetawanyika rangi za upinde wa mvua. Bilauri huuachia upite, hata ikaupasua mara mbili, ingawa kwa kiasi ambacho jicho halikitambui. Na kwa asili yake, almasi ni kaboni, ndugu wa makaa ya jikoni. Bilauri ni ndugu wa mchanga.

Watu wa pwani wasilidharau jiwe hilo. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika kwamba bilauri ilipelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, ikachongwa vyombo huko. Kabla ya almasi ya Mwadui kujulikana kwa karne nyingi, nchi hizi zilikwisha kuhusishwa na jiwe jeupe.

Mzee alirudi Bariadi na jiwe lake, zima. Mkewe alipomtazama usoni hakuuliza. Halikurudishwa chini ya mtama. Liliwekwa dirishani, na wajukuu hulitwaa asubuhi, wakalitazamia jua.