Pikapu zilizonyanyuliwa

Wadau mliowahi kupita Kibondo–Kasulu wakati wa masika mnaijua shughuli yake. Tope jekundu, mifereji ya matairi ilikuwa imechimbika mpaka tumbo la gari linakwangua katikati ya barabara. Ndiyo maana pikapu nyingi huku zimenyanyuliwa. Swali ni zimenyanyuliwaje.

Nilishinda kwenye gereji moja pale Kasulu nikiangalia. Fundi anaunganisha vyuma chakavu kwa kuchomelea, anavipachika kati ya ekseli na springi, kisha bolti za kubania anazikunja mwenyewe kwa nondo ya ujenzi! Bei poa, jioni gari limepanda karibu shubiri nzima. Mpira wa breki ni uleule wa zamani. "Unafika tu, kaka," akaniambia. Unafika kweli, ila umekaza kama uzi wa gitaa. Tairi likidumbukia kwenye shimo, unaweza kukatika. Na nondo ikilegea, kile chuma kinachomoka, ekseli inahama, mzigo na abiria wako juu.

Kinachonitisha zaidi ni lami (tuliililia miaka mingi, jamani). Kwenye tope gari lile lilitambaa kilomita 20 kwa saa. Kwenye lami linakimbia 90, uzito wote uko juu, na kona za milima ni zilezile.

Dereva mmoja nilimuuliza kwa nini asinunue springi ndefu za dukani, au alishushe tu. Akacheka. Kutoka barabara kuu kwenda kijijini kwao bado ni udongo, na mahindi hayajitembezi yenyewe.