Ndoo ya Kunywa Tu

Sisi wa mitelemko ya Mlima Meru hatukuwahi kulia kiu kama wenzetu wa nyika. Maji tunayo. Yanashuka kutoka msituni usiku na mchana, ya baridi, maangavu, matamu kinywani, na mgeni akipita tunamkaribisha kwa kikombe cha maji hayo kabla ya kumuuliza habari za safari. Kilichotuumiza kimo ndani ya maji yenyewe. Hakionekani, hakinuki, na ulimi haukitambui. Ni floraidi. Nimelea watoto wangu kwa maji hayo, nami nililelewa nayo tangu tumboni mwa mama yangu. Nashuhudia nilichokiona, na tulichokifanya.

Meru ni volkano. Miamba yake na majivu yake ya kale yamejaa madini hayo, na maji yakipenya chini kwa miaka mingi yanayayeyusha na kuyabeba hadi chemchemini. Si kwetu peke yetu. Bonde la Ufa lote, kuanzia Ethiopia hadi Malawi, lina vijiji vyenye shida hii. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Chemchemi na visima vingi vya upande wetu vinapita kiwango hicho mara kadhaa, na maziwa ya Momella, yale ambayo watalii huja kuwatazama heroe, yana mamia ya miligramu kwa lita. Mwaka 1974 serikali yetu iliruhusu kwa muda miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu kiwango kikali kingefunga vyanzo vingi na kuwaacha watu bila pa kuchota. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Naielewa sababu ya uamuzi ule wa mwanzo. Lakini utoto wangu wote uliangukia katika miaka ya miligramu 8, na kinywa changu kinaonyesha.

Meno ya utu uzima hutengenezwa ndani ya fizi mtoto akiwa bado mdogo, hadi karibu umri wa miaka minane. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, ganda la jino linajijenga vibaya: linatoka na madoa meupe kama chokaa, kisha linakuwa la kahawia, na likizidi sana linamomonyoka. Hakuna mswaki wala dawa ya meno inayoliondoa doa hilo, maana halijapakwa juu. Limo ndani ya jino. Watu wa mikoa mingine hawalijui hili. Wanadhani hupigi mswaki.

Binti yangu mkubwa alikwenda shule ya bweni mbali na huku. Likizo ya kwanza alirudi anacheka mkono ukiwa mdomoni. Nikamkuta nyuma ya jiko anasugua meno kwa mkaa uliosagwa, fizi zinatoka damu, na hataki kunieleza kwa nini. Angalia picha za harusi za kijiji chetu za miaka ile: mabibi harusi wote wamefunga midomo. Wapiga picha wa mjini walidhani ni aibu ya kike.

Meno hata hivyo hayaui. Mifupa ndiyo iliyonivunja moyo.

Mwanangu wa pili alianza kutembea vizuri, kisha mwaka baada ya mwaka miguu yake ikaanza kupinda kuelekea nje. Matege. Majirani walikuwa na majibu tayari: nilimsimamisha mapema mno, nilimbeba mgongoni vibaya, kuna kosa la ukoo halijasafishwa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinitetea mbele za watu, lakini usiku tulipokaa jikoni aliniuliza taratibu kama kweli hakuna nilichokificha. Mtoto alikuwa anaachwa nyuma na wenzake njiani kwenda shuleni. Akifika nyumbani anakaa chini, ananyoosha miguu, anasema inauma kwa ndani. Na ukitazama uani kwa jirani unamwona babu ambaye shingo yake haigeuki tena. Akiitwa inabidi ageuze mwili mzima. Tuliuita uzee. Babu yule hakuwa mzee kiasi hicho.

Ukweli tuliambiwa katika mkutano wa kijiji. Serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto, na wataalamu walikuja na vifaa vya kupimia. Kila kitongoji kilileta maji yake kwenye chupa. Majibu yaliposomwa, uwanja ulinyamaza. Chemchemi mbili ambazo unaweza kusimama kwenye moja ukaiona nyingine zilitofautiana sana: moja ilikaribia kiwango salama, ya pili ilikipita zaidi ya mara tano. Tuliyokuwa tunaipenda kwa baridi yake na wingi wa maji yake ndiyo hiyo ya pili.

Kisha mama mmoja akauliza swali tulilokuwa nalo wote: tukichemsha je? Kwa sababu ya homa ya matumbo tulikuwa tumefundishana kuchemsha maji, na tuliojitahidi zaidi tuliyaacha jikoni yachemke sana ili tuwe na hakika. Mtaalamu alijibu kwa upole kwamba kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi haipandi na mvuke. Maji yanapopungua sufuriani, yenyewe inabaki na kuzidi ukali. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Nakumbuka uchungu wa dakika ile. Wanawake waliokuwa na bidii kuliko wote ndio walioinamisha vichwa.

Hapo ndipo kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilipoingia kazini. Naomba niliseme hili kwa nguvu, kwa sababu ndilo lililotuokoa: hatukujaribu kusafisha maji yote. Nyumba inatumia maji mengi kwa kufua, kuoga, ng'ombe na bustani, na hayo hayaingii mdomoni mwa mtu. Yanayoingia mdomoni, ya kunywa na kupikia, ni kama ndoo moja kwa siku kwa familia. Ndoo moja inawezekana. Kwa hiyo tukakubaliana kila nyumba iwe na ndoo ya kunywa tu, ya rangi yake, yenye mfuniko, isiyochanganywa na nyingine, na kwamba watoto wa chini ya miaka minane na wajawazito wawe wa kwanza kuinywea pale ambapo maji hayawatoshi wote.

Maji ya kuijaza ndoo hiyo tuliyatafuta kwa njia kadhaa kwa pamoja. Ya kwanza ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwenye tanuri lisilopata hewa ya kutosha, inageuka mkaa unaoishika floraidi maji yakipita. Tuliikusanya machinjioni na buchani, tukaianika, tukaichoma, tukaitwanga, tukaichekecha. Ni kazi ya harufu mbaya. Siku ya kuchoma hukaribishwi kwa mtu. Na ina ufundi wake. Mfupa ukiiva vizuri unatoka mweusi au wa kijivu. Ukiungua sana unakuwa mweupe, unapoteza nguvu. Usipoiva, maji yananuka na watoto wanayatema, nawe huwezi kuwalaumu.

Lakini ubaya wa mkaa huu ni kwamba unachoka. Ukishashiba floraidi hauishiki tena, na kwa macho chujio ni lile lile, maji ni maangavu vile vile. Kabla yetu uliwahi kuja mradi, sitautaja, ukagawa vichujio kwa hotuba na picha, ukaondoka. Hakuna aliyeachiwa mkaa wa kubadilishia wala kifaa cha kupimia. Familia ziliendelea kunywa kwa imani kutoka kwenye vichujio vilivyokwisha kufa. Kwangu mimi huo ni ubaya mkubwa kuliko kutopewa kitu, maana asiyepewa anajua kwamba hana. Ndiyo maana katika kikundi chetu daftari lina thamani kuliko tanuri. Mweka hazina anaandika tarehe ya kila chujio kujazwa, kila nyumba inachangia kidogo kila wiki, na maji yanapelekwa kupimwa kabla mtu hajaambiwa ni salama. Nyumba iliyoshindwa kuchangia haikatiwi huduma. Inachangia kwa kutwanga.

Siku hizi kuna pia maarifa mapya jirani yetu. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru alitengeneza chujio linaloweza kulenga uchafu wa mahali husika, floraidi ikiwemo, na mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Tulifurahi kama mtoto wetu ndiye aliyeshinda. Hata hivyo chujio lolote, la bei yoyote, linahitaji mtu wa kulihudumia mwaka wa tatu na wa nne, wapiga picha wakiwa wameshaondoka.

Njia ya pili ni mbingu. Maji ya mvua hayana floraidi ya kututisha. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mita sita kwa nane, ikinyesha mvua ya milimita 20, inamwaga lita 960 ardhini kama hakuna gata. Tulipozifanya hesabu hizo ubaoni, wanaume waliokuwa wanapinga gharama za gata waliacha kupinga. Shida ilikuwa tangi. Kuvuka kiangazi, kutoka Juni hadi vuli ianze, familia inayotumia lita 20 kwa siku inahitaji lita 3,000. Tulinunua matangi kwa mzunguko, wenye watoto wadogo kwanza, na palikuwa na manung'uniko ambayo hayajaisha hadi leo.

Vita vigumu kuliko vyote, hata hivyo, vilikuwa vya magadi. Huku kande na maharage bila magadi wengi hawayahesabu kuwa chakula; magadi yanalainisha haraka na kuokoa kuni. Na magadi yana floraidi, mengine nyingi sana. Unaweza kuchuja maji kwa jasho lako lote kisha ukairudisha floraidi chunguni kwa kijiko. Bibi wa kikundi chetu, tunayemheshimu wote, alisimama akasema: "Wanangu, mama yangu alinifundisha kupika hivi, na mama yake vilevile. Mnataka nimwambie nini?" Hakuna aliyemjibu. Hatukumbishia. Tuliloweka maharage usiku kucha kwa maji ya mvua, tukayapika asubuhi bila magadi, tukamwekea sahani. Akala, akakaa kimya, kisha akauliza yalilowekwa kwa muda gani. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewafundisha mabibi harusi.

Njia ya tatu ilikuwa ile chemchemi iliyokaribia kiwango salama, nayo ilitaka kulindwa. Habari zake zilipoenea, foleni zilianza alfajiri, na kiangazi maji yakapungua. Juu yake watu walikuwa wanalima nyanya hadi ukingoni na kupiga dawa za wadudu, na mvua ikinyesha sumu inashuka hadi ndooni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli kama hizo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, lakini sheria haitembei shambani. Tulitembea sisi, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, nyumba kwa nyumba. Wenye mashamba wengine ni shemeji zetu. Waliposogea nyuma tuliwasaidia kuhamisha miche, na eneo lililoachwa tukapanda miti ya asili. Maji ya mifugo tukakubaliana yachotwe kwenye ile chemchemi ya floraidi, na ya vyombo na kufulia pia, ili hii nyingine ibaki ya ndoo ya kunywa.

Mwanangu wa pili alipasuliwa miguu hospitalini, akanyooshwa mifupa, na sasa anatembea na kufanya kazi, ingawa baridi ya Julai inamsumbua. Babu wa jirani hakunyooka. Mifupa iliyokwisha kuwa migumu haigeuki kwa kubadili maji, na sitamdanganya mtu. Kitinda mimba wangu alizaliwa ndoo ikiwa tayari ndani ya nyumba. Meno yake ya mbele ya utu uzima yalipoota, nilimwita dada yake mkubwa aje ayaone. Aliyatazama muda mrefu. Yalikuwa meupe.

Bado shule ya msingi. Watoto wanakunywa maji salama nyumbani, kisha wanashinda shuleni wakinywa ya bomba linalotoka kwenye chemchemi mbaya, na uji wao unapikiwa maji hayo hayo. Mapaa ya madarasa ni makubwa kuliko ya nyumba zetu zote. Mwalimu mkuu amekubali, kamati ya shule imekubali, wazazi wameanza kuchanga mawe na mchanga kwa ajili ya msingi wa tangi. Gata tunatakiwa kuzifunga kabla ya Novemba, na Jumamosi hii ni zamu ya kitongoji chetu kubeba mchanga.