Miti haisahau mwaka wa njaa



Natumaini wote wazima huko Tabora, Dar na popote mnaponisomea. Mimi sijambo, zamu za usiku zinanipeleka mbio ila nashukuru Mungu. Kimya changu kisiwatishe, ni kazi tu.

Leo sina habari za wodini. Nataka kuongea juu ya miti, na namuomba Kaka asome mpaka mwisho, maana ule ujumbe wake kwenye kundi la familia haujanitoka kichwani. Kwa ambao hawakuuona: miaka mitatu mfululizo mbuga yetu imejaa maji na mpunga umekubali, sasa Kaka anataka tuchukue mkopo, tuongeze ekari sita za majaruba, na shamba la Baba liwe dhamana. Mimi nimeulizwa nitachangia kiasi gani. Jibu langu limo humu.

Hapa Tucson kuna chuo kikuu, na ndani yake kuna maabara ya pete za miti. Ilianzishwa mwaka 1937, na kwa miaka mingi ilikuwa chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira mpaka ilipopata jengo lake mwaka 2013. Siku yangu ya mapumziko nikaenda na mwenzangu wa kazini. Jamani, pale ukumbini kuna kipande cha mti wa sekwoia ambacho ukoo wetu wote tukishikana mikono mbele yake bado tunaonekana sisimizi!

Pete zenyewe mnazijua, ni ile miviringo inayoonekana gogo likikatwa. Msimu wa kukua mti huongeza mbao mpya chini ya gome, msimu mgumu husimama, na hapo pete moja imefungwa. Sehemu kame kama hii, mwaka wa mvua nyingi pete huwa pana, mwaka wa ukame huwa nyembamba kama uzi. Wala si lazima mti uuawe ndipo usomwe. Wana keke ya mkono yenye tundu katikati, wanaizungusha mpaka ndani na kuchomoa kijiti chembamba kuliko penseli. Kijiti hupigwa msasa, kikawekwa chini ya hadubini. Kwangu mimi nesi ilikuwa kama kumtoa mgonjwa damu ya vipimo: mgonjwa anarudi nyumbani, wewe unabaki na majibu.

Aliyeanzisha elimu hii, A. E. Douglass, alikuwa mtu wa nyota. Alitaka kujua kama mabadiliko ya jua yanaonekana kwenye miti, ndipo mwanzoni mwa karne ya 20 akaanza kupima misonobari ya Arizona. Akagundua kwamba miti ya eneo moja hukonda na kunenepa miaka ileile, kama watoto wa nyumba moja waliolala njaa pamoja. Kwa hiyo ukiwa na mti hai unaoanza leo kurudi nyuma, na boriti kuukuu ambayo pete zake za mwisho zinalingana na pete za mwanzo za mti huo, unaziunganisha na kuzidi kurudi nyuma. Mwaka 1929, boriti iliyopatikana Show Low, hapahapa Arizona, iliunganisha kalenda mbili zilizokuwa na pengo kati yake. Nyumba za mawe za wenyeji wa kale zikajulikana ziliezekwa mwaka gani. Ukaonekana pia ukame mkubwa wa 1276 hadi 1299. Miaka zaidi ya ishirini, jamani! Sisi mwaka mmoja tu tunatafutana.

Sasa Kaka, hapa ndipo penye habari yako.

Maji ninayooga hapa yanatoka mto Colorado, yanasukumwa kwa mfereji kupita jangwani. Mwaka 1922 majimbo saba yalikaa chini kugawana mto huo. Tuseme ni ndoo, na kila ndoo ni zaidi ya mita za ujazo bilioni moja. Walitazama vipimo vya miaka michache iliyotangulia, wakaona mto unaleta maji tele, wakagawana ndoo 15 kwa mwaka. Mwaka 1944 Mexico nayo ikaahidiwa ndoo moja na nusu. Miji ikajengwa, mashamba yakalimwa, mikopo ikachukuliwa juu ya ndoo hizo.

Mwaka 1976 watafiti wawili, Stockton na Jacoby, wakasoma pete za miti ya bonde la mto huo kwa karne kadhaa. Ikaonekana kawaida ya mto ni kama ndoo 13 na nusu tu, na ile miaka iliyotumika kupimia ilikuwa ya mvua za pekee. Vipimo vyao vya 1922 havikuwa vya uongo, vilikuwa vichache. Mwezi Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza upungufu rasmi wa mto huo kwa mara ya kwanza, na kuanzia 2022 Arizona ikakatwa asilimia 18 ya mgao wake. Kuna wakulima waliobaki na mashamba bila maji.

Najua mtasema hayo ni ya Wazungu na jangwa lao. Basi sikieni. Mwaka 2001 ulitoka utafiti wa pete za mtundu wa miombo ya magharibi mwa Tanzania, upande wetu kabisa, wakizilinganisha na mvua na El Niño. Na mninga, huohuo wa kabati la Mama, umetumika Zimbabwe kusoma mvua za kuanzia 1796 hadi 1996. Kiangazi chetu kinaangusha majani, mti unasimama, pete inafungwa. Kumbe kila gogo tunalochomea tumbaku lina habari za mvua ambazo hakuna aliyeziandika popote.

Kaka, sisi hatuna maabara, ila tuna wazee. Kaa na Baba na Bibi, andika kila mwaka wa njaa wanaoukumbuka, na mbuga ilikauka mara ngapi. Halafu uliza: katika miaka kumi, mibaya ni mingapi, na mwaka huo mkopo utalipwa na nini?

Mchango wangu ni huu. Nitatoa hela ya ekari mbili, taslimu, bila benki. Mavuno ya ekari hizo yataonyesha kama tuongeze. Shamba la Baba lisiguswe kuwa dhamana, na kwa hilo sitatoa hata shilingi. Ukinuna nitakuelewa, lakini nimeona huku mto mzima umewekwa rehani kwa miaka michache mizuri.

Haya, wasalimieni wote, Bibi mwambieni dawa zake asikatishe. Nasubiri orodha ya miaka.

Dada yenu wa Arizona