Barabara Ndiyo Mimbari

Ijumaa nyumbani kwetu Vihiga haikuwa siku ya jembe. Majirani wakiwa mashambani, sisi tulivaa kanzu nyeupe, tukafunga vilemba, tukavua viatu mlangoni na kuingia kusali. Mama alinieleza sababu mapema: Bwana Yesu alikufa Ijumaa, akafufuka Jumapili, basi siku zote mbili ni zake. Hayo ndiyo malezi ya African Israel Nineveh Church, kanisa ambalo watu wa kwetu hulitaja kwa neno moja tu, Israel.

Mwanzilishi wetu, Mzee Daudi Zakayo Kivuli, alikuwa msimamizi wa shule za misheni ya Wapentekoste wa Kanada pale Nyang'ori. Mwaka 1932 Roho Mtakatifu alimshukia kwa nguvu, na tangu hapo akawa mhubiri na mwombea wagonjwa. Alipoanzisha kanisa mwaka 1942 hakutoka misheni kwa ugomvi. Mmisionari Otto Keller alimpa baraka zake. Naikumbuka habari hii kila ninaposikia makanisa ya Kiafrika yakisimuliwa kana kwamba yote yalizaliwa na hasira. Boma la Mzee likawa Nineveh, makao yetu makuu.

Kilichonigusa zaidi utotoni ni kuungama. Mtu alisimama mbele ya wote akataja tusi alilomtupia shemeji yake, deni alilolikana, pombe aliyoionja. Pombe, tumbaku na nyama ya nguruwe kwetu ni mwiko, kwa hiyo mambo ya kutaja hayakukosekana. Hakuna aliyecheka. Tuliomba, tukaimba, na uso wa aliyesimama ukaonekana umepata nafuu. Kisha ngoma zikalia, bendera zikainuliwa, tukatoka nje. Huo mpangilio una maana kubwa: anayeandamana ni mtu aliyekwisha kutua mzigo, na furaha yake ndiyo mahubiri. Hatukugawa vijitabu wala kubisha milango. Tulipita barabarani tukiimba, na mgonjwa aliyetusikia akiwa kitandani alituma mtoto aje kutuita tumwombee.

Mzee alifariki mwaka 1974. Mjane wake, Mama Rebecca Kivuli, alishika uongozi, jambo ambalo makanisa mengi makubwa ya wakati ule yasingelikubali kwa mwanamke. Mwaka 1975 tukapokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Mwaka 1983 uongozi ukamfikia mjukuu, John Mweresa Kivuli wa Pili, msomi wa theolojia. Mahubiri nayo yakabadilika. Zamani mzee wa kanisa alianza na ndoto aliyoota usiku, akaifasiri; sasa mchungaji aliyesomea kazi hiyo huanza na aya, akaeleza iliandikwa lini na kwa ajili ya nani. Mimi nilifaidika na yote mawili. Ndoto zilinifundisha kwamba Mungu anasema na mtu asiyejua kusoma, na elimu ikatukinga na yeyote anayedai ndoto yake haiulizwi swali.

Kwa sisi tuliohamia mjini, Nairobi ilibadilisha mengi bila kuitisha mkutano. Mwajiri hakujua Ijumaa yetu, kwa hiyo wengi wetu tulisali jioni baada ya kazi, tumechoka, kanzu tumezibeba katika mifuko. Jumapili tuliendelea kuandamana mitaani, kati ya matatu na mikokoteni. Mwanzoni watu walitukodolea macho. Baadaye wakatuzoea, wengine wakatufuata hadi ibadani. Hivyo ndivyo baadhi ya washirika wetu wa mjini walivyookoka.

Siku hizi vijana wana kinanda cha umeme na spika, na kwaya yao ni nzuri kweli. Lakini kinanda kinataka waya, na waya unatuweka ndani. Kuna Jumapili ambazo maandamano yamefupishwa, au yameachwa kabisa kwa sababu ya msongamano wa magari. Hilo linanihuzunisha, kwa kuwa mgonjwa wa kitandani na mlevi wa kilabuni hawaji ukumbini kusikiliza kwaya. Tukikosa kupita mlangoni pao, hawatatusikia.

Nilisema hivyo katika kikao cha wazee wa tawi letu. Vijana wakajibu kwamba wako tayari kutembea, ila wapewe safu ya mbele na bendera waibebe wao. Tumekubali. Wanaanza Jumapili ijayo, na ngoma zimeshawambwa ngozi mpya.